Nyika Iliyodhaniwa Tupu

Kiswahili kina maneno matatu kwa nchi iliyo wazi. Mbuga ni uwanda wa majani wenye kulisha wanyama. Nyika ni nchi kavu, yenye miti michache na maji ya mashaka. Jangwa ni pale ambapo hata mwiba huota kwa taabu. Nchi ambazo maneno haya yote matatu huzifaa kwa pamoja ni chache duniani, na moja katika hizo ni Kazakhstan, iliyo katikati ya Asia. Msafiri atokaye kaskazini kwenda kusini hukutana na mbuga kwanza, kisha nyika, kisha jangwa, kama mtu ashukaye ngazi. Lakini katika historia ya nchi hiyo liko neno la nne, ambalo halikutoka kwa wenyeji wake. Neno hilo ni "tupu". Wageni waliokuja na nguvu waliitazama nchi, hawakuona ukuta wala konde wala mnara, wakasema hapana kitu. Hukumu hiyo fupi imegharimu roho za watu wengi na ziwa zima lililoitwa bahari.

Eneo la Kazakhstan hupita maili za mraba milioni moja, nayo ni nchi ya tisa kwa ukubwa duniani. Tangu pande za Bahari ya Kaspi, magharibi, hata milima ya Altai, mashariki, ni mwendo wa karibu maili 1,900. Bahari kuu ziko mbali nayo kila upande, na hiyo ndiyo siri ya tabia yake. Upepo wa Atlantiki huwa umekwisha kumwaga maji yake mengi njiani kabla ya kuifikia, na milima mirefu ya kusini huyazuia mawingu ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo baridi ya Januari huweza kushuka hata digrii 40 chini ya sufuri, na joto la Julai likapanda hata digrii 40 juu yake. Kaskazini mvua na theluji hutimiza inchi 12 hata 16 kwa mwaka. Udongo ni mweusi na majani hurefuka. Kadiri mtu ateremkavyo kusini, udongo hugeuka wa kahawia, kisha wa kijivu, na majani huachana, hata pakanga ikatawala. Katika jangwa la Kyzylkum, ambalo maana ya jina lake ni mchanga mwekundu, mvua ya mwaka ni inchi 4 hata 8 tu. Huko huota mti uitwao saksauli, mfupi, mgumu, uliopindapinda, wenye majani madogo kama magamba. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, nayo huushika mchanga usihame.

Maji ya nchi hiyo yana desturi yake. Mto Irtysh na mto Ishim huelekea kaskazini, na maji yake hufika Bahari ya Aktiki. Karibu mito mingine yote haiioni bahari kuu kamwe. Mto Ili hushuka kutoka milima ya Tian Shan na kuingia katika Ziwa Balkhash, ziwa la ajabu ambalo upande wake wa magharibi, uingiapo mto, una maji matamu, na upande wa mashariki una maji ya chumvi. Mto Syr Darya na mwenzake Amu Darya, yote miwili ikitokana na theluji na barafu za milimani, ilipita jangwani na kukutana katika ziwa la Aral. Mito ya namna hii haina ziada. Maji yachukuliwayo juu hayana mengine ya kuyalipa chini, wala hapana mvua ya kulifidia ziwa lililonyimwa mto wake. Mwenye kuisoma ramani ya Kazakhstan hana budi kuanza na hesabu hiyo.

Wakazaki waliijua hesabu hiyo kwa miguu yao. Majani ya mahali pamoja hayakutosha mwaka mzima, kwa hiyo watu walikwenda na majira. Wakati wa baridi walikaa kusini, katika matete ya kingo za Syr Darya na Chu, au katika mabonde yaliyokingwa na upepo. Theluji ilipoyeyuka walielekea kaskazini pamoja na mifugo yao, wakilisha na kuhama, na wengine walikwenda hata maili 600 kabla ya kufika malisho ya kiangazi. Safari hiyo haikuwa kutangatanga. Kila ukoo ulikuwa na njia yake, visima vyake na mahali pake pa kukaa baridi, na kuvunja mpaka usioandikwa kulikuwa sababu ya kesi au ya vita.

Hata mpango wa mifugo ulikuwa elimu. Theluji ilipofunika malisho, farasi walitangulizwa, maana wao huichimba kwa kwato zao hata majani yakaonekana. Kondoo wakafuata nyuma yao na kula katika njia iliyofunguliwa. Ngamia wa nundu mbili alibeba nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mviringo, ya fito zenye kukunjwa na kufunikwa kwa manyoya ya kondoo yaliyoshindiliwa yakawa kama zulia zito. Watu wachache waliijenga au kuibomoa kwa muda wa saa moja au mbili. Maziwa ya farasi yalichachushwa yakawa kumisi, kinywaji cha kila kikao cha heshima. Na adui mkubwa alikuwa na jina lake, juti, ambayo ni barafu ngumu ifunikayo majani baada ya theluji kuyeyuka kidogo na kuganda tena. Kwato za farasi haziivunji. Mwaka wa juti, tajiri wa kondoo elfu aliweza kuamka maskini. Mtu aliyeweza kuhama mapema aliokoka. Aliyefungwa mahali pamoja aliangamia na mifugo yake. Uhuru wa kwenda ulikuwa ndiyo ghala ya Wakazaki.

Maisha haya yana asili ya kale. Katika kijiji cha Botai, kaskazini mwa nchi, vimefukuliwa vyungu vya miaka kama 5,500 iliyopita vyenye mabaki ya mafuta ya maziwa ya farasi. Makabila mengi yalipita baadaye, hata karibu na mwaka 1465 masultani Kerei na Janibek walipojitenga na bwana wao wakaanzisha dola ya Wakazaki. Dola hiyo ilipata pigo kubwa mwaka 1723, Wajungari kutoka mashariki walipowavamia na kuwatawanya. Katika udhaifu huo, mwaka 1731, Khani Abulkhair wa magharibi aliomba ulinzi wa Urusi. Aliyeomba mwavuli alipewa paa, na baada ya paa zikaja kuta.

Kuta hizo zilikuwa ngome. Omsk ilijengwa mwaka 1716 na Semipalatinsk mwaka 1718, na baada yake mstari wa ngome ukazidi kurefuka, hata mwaka 1854 Warusi walipojenga Verny, mji ambao leo ni Almaty. Cheo cha khani kilifutwa katika miaka ya 1820. Kenesary, mjukuu wa Khani Ablai, alipigana tangu mwaka 1837 hata alipouawa mwaka 1847, na vita vyake havikurudisha kitu. Kisha ikaja sheria. Kanuni za mwaka 1868 zilitangaza kwamba ardhi ya nyika ni mali ya serikali, na Wakazaki wakahesabiwa kuwa watumiaji tu. Hapo ndipo neno "tupu" lilipopata nguvu ya kisheria. Shamba lisilolimwa lilionekana halina mwenyewe. Malisho ya baridi yaliyoachwa wakati wa kiangazi yalionekana yametupwa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi zaidi ya milioni moja, wengi wao wakulima maskini wa Urusi na Ukraine, walipelekwa huko na kupewa udongo ulio bora. Hao nao walikuwa na njaa yao, na si haki kuwalaumu kwa kutaka mkate. Lakini kila kijiji kipya kilikata njia ya mifugo, na njia ikikatwa mahali pamoja huwa imekufa yote. Mwaka 1916, amri ya kuwachukua wanaume kwenda kazi za nyuma ya vita ilipotoka, nyika yote iliwaka kwa maasi.

Dola ya Tsar ilianguka mwaka 1917, lakini fikira yake juu ya nyika haikuanguka. Serikali ya Kisovieti iliona kuhamahama kuwa unyonge wa zamani wa kuondolewa upesi. Mwaka 1928 ilianza kuwanyang'anya matajiri mifugo, na kisha watu wote walilazimishwa kukaa mahali pamoja katika mashamba ya ushirika. Mifugo ilikusanywa mahali pasipo malisho ya kuitosha, ikafa. Nafaka na nyama zikadaiwa na serikali kwa hesabu iliyowekwa mbali. Na watu waliozoea kuikimbia njaa kwa kuhama wakawa hawana farasi wa kuwachukua. Kati ya mwaka 1930 na 1933 walikufa watu wapatao milioni moja na nusu, na katika hao Wakazaki walikuwa karibu milioni 1.3, yaani zaidi ya theluthi moja ya taifa lao. Mamia ya maelfu walikimbilia China na nchi za jirani. Katika kila mifugo kumi, karibu tisa walipotea. Mvua haikuwa sababu kubwa ya msiba huo. Nyika ilikuwa imewalisha wana wake katika miaka mingi ya ukame na juti. Safari hii waliondolewa ufunguo wa ghala.

Nchi iliyokwisha kuhesabiwa tupu, na sasa iliyofanywa tupu kwa kweli katika sehemu nyingi, iligeuzwa mahali pa kutupia watu. Karibu na Karaganda ilikuwako kambi kubwa ya wafungwa, Karlag, iliyodumu tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1959. Mwaka 1937 Wakorea zaidi ya 170,000 waliondolewa mashariki ya mbali ya Urusi na kuletwa Kazakhstan na Uzbekistan kwa magari moshi. Mwaka 1941 wakaja Wajerumani wa mto Volga, na mwaka 1944 Wachecheni. Wengi walishushwa penye uwanda mtupu, majira ya baridi yakiwa yamekaribia au yamekwisha kuingia. Katika masimulizi ya watu hao na watoto wao, Wakazaki hutajwa mara nyingi kuwa ndio waliowapa mkate na mahali pa kulala, ingawa wao wenyewe walikuwa wametoka juzi katika njaa.

Mashariki ya nchi, karibu na vilima vya Chingiz, alikozaliwa mshairi mkubwa wa Wakazaki, Abai Kunanbaev, mwaka 1845, ulitengwa uwanja wa karibu maili za mraba 7,000. Huko, tarehe 29 Agosti 1949, Muungano wa Kisovieti ulilipua bomu lake la kwanza la atomiki. Hata mwaka 1989 yalikuwa yamefanywa majaribio 456, na zaidi ya mia moja katika hayo yalifanywa juu ya ardhi au hewani. Mahali palichaguliwa kwa kuwa, kwa maoni ya wakubwa, hapakuwa na watu. Vijiji vilikuwako. Wachungaji waliona mwanga na kuhisi ardhi ikitetemeka, wala hawakuambiwa ni nini. Maradhi yaliyofuata yamekwenda hata kwa wajukuu.

Mwaka 1954 jembe lilirudi kwa nguvu mpya. Nikita Khrushchev aliamua kwamba mbuga za kaskazini zilimwe ngano, nazo ziliitwa ardhi bikira, jina jingine la utupu. Vijana kwa maelfu walikuja kwa nyimbo na trakta, na katika Kazakhstan peke yake zikalimwa ekari zipatazo milioni 60. Uhodari wao haufai kudharauliwa, wala mavuno ya mwaka 1956 hayakuwa madogo. Kazakhstan ilitoa karibu tani milioni 16 za nafaka. Lakini mizizi ya majani ndiyo iliyokuwa ikiushika udongo, kama vile saksauli ishikavyo mchanga wa kusini. Mizizi ilipopinduliwa, upepo wa nyika ulikuta kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 dhoruba za vumbi zilichukua udongo wa mamilioni ya ekari, na mwaka 1963, mavuno yalipoharibika, Muungano wa Kisovieti ulilazimika kununua ngano nchi za nje. Baadaye wataalamu walijifunza kulima bila kuupindua udongo na kuyaacha mabua shambani, na kilimo cha ngano kikapata utulivu katika sehemu zilizokifaa. Nyika ilikubali jembe pale tu jembe lilipoitii.

Kuhusu maji hapakuwa na utii. Aral mwaka 1960 lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, lenye maili za mraba karibu 26,000, pungufu kidogo tu ya Ziwa Viktoria. Mabaharia wa Alexey Butakov walilipima katika mwaka 1848 na 1849, na katika msafara huo alikuwamo mshairi wa Ukraine, Taras Shevchenko, mfungwa wa Tsar, aliyepewa kazi ya kuchora pwani zake. Mwaka 1921, njaa ilipowashika watu wa mto Volga, wavuvi wa mji wa Aralsk walipeleka mabehewa 14 ya samaki. Basi ziwa la jangwani liliwahi kuwalisha watu wa mbali. Lakini wapangaji wa pamba waliyahesabu maji yafikayo ziwani kuwa yamepotea bure. Walijua kwamba ziwa litapungua, wakaona pamba ina thamani kupita samaki. Mfereji wa Karakum, ulioanza kuchimbwa mwaka 1954, uliyachukua maji ya Amu Darya na kuyapitisha katika mchanga usiotiwa sakafu, na sehemu kubwa ikanywewa njiani. Mifereji mingine ilifanya hivyo katika Syr Darya.

Ziwa lilirudi nyuma mwaka kwa mwaka. Chumvi, ambayo ilikuwa kama gramu 10 katika lita moja, iliongezeka hata samaki wa asili wakafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi mkubwa ukakoma. Mwaka 1987 ziwa lilikatika vipande viwili, kaskazini na kusini. Meli zilibaki juu ya mchanga, na bandari za Aralsk na Moynaq zikawa miji ya bara. Mwaka 2014 bonde la mashariki la sehemu ya kusini lilikauka kabisa. Penye maji pamezaliwa jangwa jipya liitwalo Aralkum, na upepo wake huchukua chumvi na dawa za mashamba, ukaziangusha juu ya nyumba na vifua vya watu. Waliodhani kwamba jangwa ni mahali pasipo kitu walijitengenezea jangwa ambalo kweli lilikuwa hivyo.

Hata hivyo habari haiishi kwa maombolezo. Mwezi wa Februari 1989 mshairi Olzhas Suleimenov alikaribishwa kusoma mashairi yake katika televisheni. Alipopewa nafasi aliyaweka mashairi kando, akasoma tangazo la kupinga majaribio ya atomiki. Watu walikusanyika, kikazaliwa chama cha Nevada-Semipalatinsk, na tarehe 29 Agosti 1991, miaka 42 kamili baada ya mlipuko wa kwanza, uwanja ule ulifungwa. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, Kazakhstan ilijitangaza kuwa nchi huru, na kufika mwaka 1995 ilikuwa imezitoa silaha zote za nyuklia zilizoachwa katika ardhi yake.

Katika Aral pia mkono wa kutengeneza ulionekana. Mwaka 2005 lilimalizika tuta la Kokaral, la urefu wa maili 8, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kazi yake ni kuyazuia maji ya Syr Darya yasimwagike kusini na kupotea. Ziwa dogo la kaskazini lilipanda upesi kuliko ilivyotazamiwa, chumvi ikapungua, samaki wa zamani wakarudi kutoka mtoni, na wavuvi wakatia nyavu zao tena. Mbegu na miche ya saksauli inapandwa katika chumvi ya Aralkum ili mti ule wa kale uushike mchanga mpya. Lakini sehemu ya kusini, iliyo kubwa, haikuokolewa na tuta hilo. Kulitengeneza jambo si sawa na kulirudisha.

Yuko pia shahidi asiyesema. Saiga ni swala wa nyika mwenye pua nene kama mkonga mfupi, ambayo humchujia vumbi na kumpasha hewa ya baridi. Naye huhama na majira, kama walivyofanya Wakazaki. Mwaka 2015, katika muda wa wiki chache, saiga zaidi ya 200,000 walikufa kwa ugonjwa wa vijidudu, na ilidhaniwa kwamba mwisho wao umefika. Walilindwa na majangili, wakaachiwa uwanda wa kutembea, na kufika mwaka 2023 idadi yao katika Kazakhstan ilipita milioni moja na laki tisa. Kiumbe huyo hakupewa kitu kipya. Aliachiwa njia yake.

Jiografia aghalabu hufundishwa kama orodha ya mito, vilima na vipimo vya mvua. Nyika ya Kazakhstan yafundisha kwamba orodha hiyo ni sheria, na kwamba wakazi wa kale waliisoma kabla haijaandikwa. Mwenye kuhama aliacha nyuma yake majani yaliyolala na kisima kilichofunikwa, ili avikute mwaka ujao. Mgeni alipita hapo, asimwone mtu, akaandika katika ramani yake kwamba hapana mwenyewe. Mwenye nchi alikuwa safarini tu.